Kuvua spoti rimu na kufunga rimu za spoku kwa spea za mtumba: mwongozo kamili kwa pikipiki za Mtwara na Lindi

Spoti rimu, yaani rimu ya aloi yenye mikono minene badala ya spoku, inapendeza kwenye lami. Ipeleke kwenye mchanga wa Tandahimba, makorongo ya Liwale au njia za mashambani za Ruangwa, nyuma kuna abiria au gunia la korosho, ndipo utaona udhaifu wake: ukingo unapinda, au mkono mmoja unapata ufa. Aloi ikishapata ufa haina dawa ya kuaminika. Wapo wanaoichomelea, nami namsihi kila mwenye pikipiki asikubali, kwa sababu joto la kuchomelea hulegeza aloi pembeni mwa mshono, na rimu ya namna hiyo inaweza kukatika mwendoni bila kutoa dalili yoyote.

Rimu ya spoku hunesa kidogo inapopiga shimo, mshtuko ukagawanyika kwenye spoku nyingi. Spoku moja ikikatika unabadilisha hiyo moja. Rimu ikiyumba inanyooshwa na fundi yeyote mwenye spana ya spoku na subira, hata akiwa chini ya mwembe. Kwa anayeishi mbali na duka la spea, hiyo ni tofauti kubwa sana.

Kazi hii inawezekana kwa vipuri vya mtumba, lakini ina mpangilio wake. Wengi huanza kwa kununua rimu kwa sababu ndiyo inayoonekana, kisha wanahangaika kuilazimisha iingie. Anza na habu, yaani kitovu cha gurudumu. Habu ndiyo inayobeba beringi, breki, sproketi na matundu ya spoku. Ukipata habu inayokaa sawasawa kwenye pikipiki yako, rimu na spoku zitaifuata. Ukikosea habu, kila hatua inayofuata itakuwa ya kuchonga, kujaza na kubahatisha.

Pima kwanza, nunua baadaye

Pandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, vua magurudumu yote mawili, uwe na venia (kifaa cha kupimia milimita), rula ndefu ya chuma, daftari na simu ya kupigia picha. Piga picha kila bushi (kipande cha bomba kinachokaa kwenye ekseli) na kila washa kabla hujaitoa mahali pake, na uandike ilikaa upande gani. Bushi mbili zinazofanana kwa macho mara nyingi hutofautiana milimita kadhaa.

Andika unene wa ekseli ya mbele na ya nyuma. Andika upana wa ndani kati ya miguu ya uma wa mbele, na kati ya mikono ya uma wa nyuma. Andika urefu wa kila bushi. Upande wa nyuma, hesabu meno ya sproketi na usome namba ya cheni iliyogongwa kwenye pingili. Pikipiki nyingi za kazi hutumia 428. Cheni ya 420 ina hatua ileile lakini ni nyembamba, kwa hiyo sproketi ya moja usiichanganye na cheni ya nyingine. Upande wa mbele, angalia breki ni ya dramu au ya diski, na waya wa mita ya mwendo unashikwa wapi.

Kisha chukua kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Weka rula iliyonyooka kwenye uso wa sproketi ya nyuma, gurudumu likiwa bado limefungwa, na uangalie inavyoelekea kwenye sproketi ya mbele. Hapo ndipo cheni inapotakiwa kupita. Pima umbali kutoka uso wa sproketi hadi ndani ya mkono wa uma, uandike. Namba hiyo itakuokoa siku ya kufunga.

Habu ya kutafuta

Njia rahisi kuliko zote ni kupata magurudumu ya pikipiki ya aina ileile na ukubwa uleule wa injini, iliyotoka kiwandani na spoku. Bajaj Boxer na TVS HLX, kwa mfano, zimetengenezwa kwa sura zote mbili. Hapo unanunua gurudumu zima pamoja na ekseli, bushi zake zote, sahani ya breki na sproketi. Usikubali kuuziwa gurudumu tupu huku bushi zimebaki kwenye boksi la muuzaji.

Ukikosa, tazama pikipiki za Kichina zilizojengwa kwa mfano wa Honda CG125. Habu zake za dramu ziko nyingi na zinafanana sana, na spoku zake mpya hupatikana karibu kila duka. Masasi ni pazuri pa kutafutia, kwa kuwa njia za Newala, Nachingwea, Tunduru na Mtwara zinakutana pale, na pikipiki zilizoanguka huishia kwa mafundi wa pale kuuzwa vipande vipande. Mtwara Mjini na Lindi Mjini nako vipuri vipo, ila vile vilivyokaa karibu na bahari vikague mara mbili kwa sababu ya chumvi.

Tafuta kabla ya Oktoba. Minada ya korosho ikishaanza, fedha zinaingia vijijini, mafundi hawashikiki na vipuri vizuri vinaondoka mapema.

Kabla ya kutoa hela, omba karatasi ya mauziano yenye jina la muuzaji, simu yake na maelezo ya pikipiki iliyotoa kipuri, na awepo shahidi. Kipuri cha wizi kitakuletea kesi, na tena kimemuumiza kijana mwenzako aliyekuwa akijitafutia riziki.

Kukagua habu na rimu ya mtumba

Habu isafishe kwa dizeli na brashi ndipo uitazame. Angalia matundu ya spoku: yawe ya duara. Tundu lililovutika likawa na umbo la yai lilibeba spoku iliyolegea kwa muda mrefu, na spoku mpya nayo italegea hapo hapo. Tafuta ufa mwembamba unaotoka tundu moja kwenda jingine. Ukiuona, rudisha habu, hata ikipewa bei ya kutupa.

Ndani ya dramu kuna maandishi yanayotaja kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Kwa kawaida ni milimita moja zaidi ya kipimo cha upya: dramu ya mm 110 ukomo wake ni 111, na ya mm 130 ni 131. Pima kwa venia sehemu kadhaa. Ikishafika ukomo, breki shuu zitafunguka kupita kiasi na mkono wa breki unaweza kupinduka ukagoma kurudi. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lifute kwa kitambaa kibichi, maana vumbi la breki shuu za zamani linaweza kuwa na asbesto.

Toa beringi kuukuu uangalie makao yake. Beringi mpya inatakiwa kuingia kwa kugongwa taratibu. Ikizama kwa kidole, makao yamelika, na gundi au vipande vya kopo la soda havitaishikilia. Habu ya namna hiyo iache.

Kwa rimu, hesabu matundu. Habu nyingi za pikipiki hizi ni za spoku 36, yaani 18 kila upande, na rimu iwe na idadi hiyohiyo. Vua mkanda wa raba uliomo ndani, kwa sababu kutu hujificha chini yake. Rimu inaweza kung'aa nje huku ndani imeanza kubanduka magamba. Kutu ya juu juu inayotoka kwa brashi ya waya si tatizo. Kutu iliyochimba vishimo karibu na matundu ya spoku ni tatizo. Ilaze kwenye kioo au sakafu ya vigae: ikigusa pande zote, haijapinda.

Jambo moja zaidi kuhusu rimu. Matundu yake hayakutobolewa wima. Kila moja limeelekezwa kushoto au kulia, mbele au nyuma, kufuata habu iliyokusudiwa. Rimu ya habu pana ikisukwa kwenye habu nyembamba, nati za spoku zitakaa upande na spoku zitapinda shingoni. Kwa hiyo rimu na habu za familia moja ni bora kuliko rimu nzuri ya mahali pengine.

Baki na ukubwa wa gurudumu ulionao. Kutoka inchi 17 kwenda 18 kunainua pikipiki kama mm 12.7 ikiwa tairi ni la unene uleule, kunapunguza nafasi chini ya madigadi, na mita itasoma mwendo pungufu ikiwa mabadiliko yamefanyika kwenye gurudumu linaloiendesha.

Spoku nunua mpya. Hili silegezi. Spoku ya mtumba imeshachoka shingoni, pale inapokunjwa kuingia kwenye habu, na uchovu huo hauonekani kwa macho. Nati zake pia zimeshikana na kutu. Kwa wanaoishi Mikindani, Lindi Mjini, Kilwa na popote upepo wa bahari unapofika, spoku za chuma kisichoshika kutu zinastahili bei yake. Walio juu Newala au ndani Nachingwea wanaweza kuridhika na zilizopakwa zinki. Beba spoku kuukuu nne dukani, moja kwa kila kundi nitakalolieleza mbele, ulinganishe urefu, unene na mkunjo.

Beringi zinavyokusaidia ekseli zikitofautiana

Ukitumia habu ya pikipiki nyingine, ekseli yako inaweza kuwa nene kuliko tundu la beringi. Usitoboe chochote. Soma namba ya beringi. Tarakimu mbili za mwisho zinataja tundu la ndani: 01 ni mm 12, 02 ni mm 15, 03 ni mm 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano, hivyo 04 ni mm 20. Kinachotakiwa ni beringi yenye kipenyo cha nje kilekile na tundu tofauti:

- 6201 ni 12 × 32 × 10, na 6002 ni 15 × 32 × 9
- 6202 ni 15 × 35 × 11, na 6003 ni 17 × 35 × 10
- 6302 ni 15 × 42 × 13, na 6004 ni 20 × 42 × 12

Kila jozi inaingia kwenye makao yaleyale. Beringi ya pili ni nyembamba kwa mm 1, kwa hiyo bushi ya nje uirefushe kwa kiasi hicho. Fahamu pia kwamba za mfululizo wa 60 hubeba mzigo mdogo kuliko za 62 na 63. Gurudumu la mbele linavumilia. Kwa gurudumu la nyuma la bodaboda inayobeba magunia, mimi ningeendelea kutafuta habu nyingine.

Katikati ya beringi mbili, ndani ya habu, kuna bushi ndefu. Hiyo ndiyo inayozuia beringi zisibanwe unapokaza nati ya ekseli. Bila bushi hiyo, au ikiwa fupi, beringi zitapata joto na kufa mapema, na gurudumu linaweza kugoma kuzunguka. Ikikosekana, mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza habu yenyewe, apime na kuchonga bushi ya chuma, si bomba la maji.

Unapogonga beringi, tumia soketi inayogusa pete ya nje peke yake. Anza upande mmoja hadi iketi kabisa, weka bushi ya kati na grisi, kisha gonga ya pili mpaka iguse bushi na uishie hapo. Bushi isicheze, na beringi zote mbili zizunguke kwa kidole bila mkwaruzo.

Kusuka

Kama umenunua gurudumu zima lenye spoku kuukuu, piga picha pande zote mbili kabla ya kuvunja, hasa karibu na tundu la valvu. Laza rula kwenye uso wa dramu na upime umbali hadi ukingo wa rimu. Huo ndio mkao wa rimu kwenye habu. Loweka nati kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Zinazogoma zikate kwa msumeno, usizilazimishe zikaharibu matundu ya rimu.

Gawa spoku mpya katika makundi manne: kushoto ndani, kushoto nje, kulia ndani, kulia nje. Spoku ya ndani kichwa chake kiko nje ya habu na mwili wake unapita ndani. Spoku ya nje ni kinyume chake. Mikunjo yao hutofautiana, na kwenye baadhi ya habu urefu pia. Ziweke kwenye makopo tofauti, zisichanganyike.

Ingiza spoku zote kwenye habu, tundu moja la ndani, linalofuata la nje, pande zote mbili. Laza habu kwenye turubai safi na uizungushie rimu. Anza na spoku za ndani za upande wa juu. Ya kwanza ipeleke kwenye tundu lililo jirani na valvu ambalo limeelekea upande huo, fuata picha yako, na uzungushe nati mizunguko michache tu kwa vidole. Zinazofuata zinaruka matundu matatu na kuingia la nne. Zikiisha tisa, fanya za ndani za upande wa chini kwa utaratibu uleule. Kisha spoku za nje, ambazo zinaelekea kinyume na kuzikata zile za ndani kama msuko wa ukili.

Hapo simama uangalie. Valvu iwe kwenye nafasi pana kati ya spoku, ili pampu iingie. Kila nati iwe imeelekea spoku yake bila kuipinda. Spoku inayolazimika kukunjwa ili ifike inakuambia kwamba iko tundu lisilo lake, au umekosea kundi. Vunja sehemu hiyo usuke upya. Kukaza hakutarekebisha kosa la msuko.

Paka tone la mafuta kwenye uzi wa kila spoku, kisha kaza zote kwa usawa hadi uzi wa mwisho uzame ndani ya nati. Usiikaze spoku moja hadi mwisho huku jirani yake imelegea.

Kunyoosha

Rudisha gurudumu kwenye uma kwa ekseli yake, bila tairi. Funga waya mgumu kwenye mguu wa uma, ncha yake ikaribie ukingo wa rimu. Zungusha pole pole.

Maliza mruko wa juu na chini kwanza. Panapochomoza, kaza spoku za pande zote mbili za hapo. Panapozama, legeza hapo na ukaze upande wa pili wa gurudumu. Halafu shughulikia kuyumba kwa pembeni: rimu ikielekea kulia, legeza spoku za kulia za eneo hilo na ukaze za kushoto. Zungusha nati robo mzunguko kila mara, usizidi, na ulegeze kabla ya kukaza. Ukikaza tu bila kulegeza, rimu itaenda umbo la yai.

Vitabu vya Honda vya pikipiki ndogo hutaja mm 2 kuwa ukomo wa kuyumba, wa pembeni na wa juu-chini. Ukomo maana yake ni mahali pa kuacha kutumia gurudumu. Wewe lenga mm 1 au chini.

Ukimaliza, gonga kila spoku kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia kwa sauti nyembamba. Iliyolegea inatoa mlio mfu. Za kundi moja zilie karibu sawa. Mwisho, pitisha kidole ndani ya rimu. Ncha ya spoku iliyochomoza juu ya nati isage kwa tupa, la sivyo itatoboa tyubu ndani ya wiki.

Fundi wako akitaka kukabidhi gurudumu bila hatua hii, mwombe kwa heshima akae nalo hadi kesho. Haraka hapa ndiyo inayozaa spoku zinazokatika moja baada ya nyingine.

Tyubu na tairi

Spoti rimu nyingi hutumia tairi lisilo na tyubu. Rimu ya spoku inavuja upepo kwenye matundu ya nati, kwa hiyo tyubu ni lazima, ya saizi ya tairi lako, pamoja na mkanda wa raba wa kufunika nati. Tairi lako la zamani linaweza kutumika likiwekewa tyubu, mradi upana wake unaendana na rimu.

Najua desturi ya kupunguza upepo ili kupita mchanga. Ukiwa na tyubu, tairi lenye upepo mdogo huteleza juu ya rimu na kukata shina la valvu. Ukipunguza, punguza kidogo, na ujaze tena ukifika ardhi ngumu.

Kufunga kwenye pikipiki

Gurudumu la nyuma: nyoosha mstari wa cheni kwanza kwa kurekebisha bushi, ukitumia kile kipimo ulichoandika mwanzo. Mstari wa cheni ukishakaa, ndipo uangalie kama rimu iko katikati ya uma. Ikiwa imekwenda pembeni milimita chache, ivute kwa spoku: legeza zote za upande mmoja kwa kiasi sawa na ukaze zote za upande wa pili. Ukigeuza mpangilio huu, ukaanza kuiweka rimu katikati kwa bushi, cheni itakwenda mshazari na kula meno. Hakikisha pia raba za ndani ya habu ya nyuma hazijalika, na nati za sproketi zimefungwa kwa washa zake za kukunja.

Breki ya dramu inategemea kitu kimoja: sahani yake lazima ishikwe isizunguke. Mbele kuna mfereji unaoingia kwenye nundu ya mguu wa uma. Nyuma kuna mkono wa chuma unaofungwa kwenye uma kwa bolti na pini. Kama sahani ya habu yako mpya haifikii nundu hiyo, simamisha kazi. Waya, mpira au kipande cha nondo havifai hapo. Sahani ikizunguka unapokamata breki, gurudumu la mbele linajifunga na unarushwa.

Pikipiki yako ikiwa na diski mbele, tafuta habu ya spoku iliyotengenezwa kwa diski, yenye diski ya kipenyo kilekile na inayopita katikati ya kalipa (kibanio cha breki ya diski) bila kugusa. Usishuke kutoka diski kwenda dramu kwa sababu ya kukosa habu. Badilisha gurudumu la nyuma peke yake, na la mbele libaki spoti rimu hadi utakapoipata. Pikipiki yenye magurudumu mawili tofauti inatembea vizuri kabisa, na la nyuma ndilo linalobeba mzigo.

Kaza nati za ekseli, weka kota pini mpya, zungusha magurudumu kwa mkono, kamata breki mara kadhaa. Vuta kamba kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, kila upande, kuona kama yamefuatana.

Jaribio la kwanza liwe bila abiria na bila mzigo, barabara tupu, mwendo mdogo. Simama, gusa habu kwa mkono: vuguvugu ni sawa, moto wa kuunguza ni beringi au breki inayobana. Baada ya kilomita 50 hivi gonga spoku zote tena, maana spoku mpya hujilaza kwenye makao yake na kulegea. Rudia ukifika 200, kisha kila unapobadilisha oili. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, osha matope yaliyokauka kwenye nati. Walio pwani waoshe kwa maji yasiyo na chumvi kila wanapopita ufukweni, wafute, na kupaka mafuta kidogo kwenye nati za spoku, mbali na dramu.